Mchumba wa Mwaka wa Thelathini na Sita

Geti la Kambi ya Zahabu lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyomnyima Zamda raha. Likishafunguliwa asubuhi, mwaka ni wa elfu moja mia tisa thelathini na sita. Ukiingia kazini unaacha simu yako kwa Madame Odette, msimamizi wa makumbusho yale, unaacha saa, unaacha hata jina. Zamda binti Issa, msichana wa Kamembe aliyesoma shule ya Gihundwe mpaka akamaliza, anakuwa Tatu, binti wa fundi cherehani, asiyejua kusoma, anayeinamisha macho mbele ya wanaume. Mgeni akikuuliza habari za televisheni, unashangaa. Akikuuliza habari za Kigali, unasema hujafika. Na kijana akikuambia anakupenda, hapo sasa ndipo penye kazi, maana utajuaje ni nani anayesema?

Zamani Wazungu waliifuata dhahabu katika kilima kile kilicho nyuma ya Mibirizi. Wakajenga ofisi ya kupimia, duka, jela ndogo, na chini kidogo mtaa wa Waswahili, waliokuwa makarani wao, mafundi wao na wapishi wao. Dhahabu ilipokwisha wakafunga mizigo. Nyumba zikabaki na popo miaka mingi, mpaka watu wa makumbusho walipozitengeneza upya ukuta kwa ukuta, wakaajiri watu wa kuishi humo mchana, wapike, washone, wagombane kama wale wa kale. Wageni wakaanza kuja kwa basi kutoka Kamembe, na wengine kuvuka mpaka kutoka Bukavu, hasa Jumamosi.

Baba yake Zamda, Mzee Issa Nzabonimpa, alikuwa fundi cherehani kweli, na kule kambini aliitwa Fundi Songoro. Alivaa kanzu na kofia ya tarabushi, akakaa barazani na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, akashona huku akiwasimulia wageni uongo mtamu wa zamani. Mzee alizaliwa kwa kazi ile. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukimvika tarabushi hakamatiki.

Na kule chini kijitoni kulikuwa na Ntabaza.

Ntabaza alikuwa kijana wa Bukavu, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyekulia kwenye maji na mchanga, kwa kuwa watu wake walikuwa waosha dhahabu wa Kamituga tangu mababu. Kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, alishuka kijitoni akamwaga mchanga wenye vumbi la dhahabu, ili wageni wakichota kwa karai wasirudi mikono mitupu. Kisha akavaa shati kuukuu akawa Feruzi, mwosha dhahabu, bingwa wa kambi nzima. Wageni walimpenda. Zamda naye, lakini tusitangulie.

Ilianza kwa mzaha. Siku moja Feruzi alipanda kwa fundi na shati lililochanika, na wageni wakiwa wamejaa nyuma ya kamba, akasema ghafla, "Fundi Songoro, shati likishonwa litachanika tena. Nipe binti yako, awe ananishonea." Hakuna aliyemwandikia maneno hayo. Mzee Issa alisimamisha gurudumu la cherehani, akamtazama juu mpaka chini, akajibu, "Binti yangu hali matope." Wageni wakacheka hadi wakashikana. Tangu siku ile Madame Odette akaamuru posa ile iwe kila siku saa za mchana, na kila siku fundi akatae kwa sababu mpya. Mara Feruzi ana miguu mikubwa. Mara anacheka sana. Mara jina lake linamalizikia vibaya. Kazi ya Tatu ilikuwa kutoka na sinia la chai, kumimina, kuinamisha macho, na kurudi ndani.

Zamda akarudi ndani kila siku, na kila siku akasimama nyuma ya pazia akasikiliza.

Alitaka kujua. Huo ndio ugonjwa wake, kutaka kujua. Geti likifungwa, Ntabaza hakuwa na neno. Alimsalimu Mzee kwa mikono miwili, akamwinamishia Zamda kichwa tu, akapanda pikipiki ya kwanza kuteremka mpaka daraja la Rusizi, huyo kwao. Hakuwahi kumsogelea kituoni. Hakuwahi kumwomba namba ya simu. Basi ni mchezo, alijiambia Zamda. Ni kijana anayejua kazi yake.

Lakini kuna siku Zamda alikohoa. Si kambini, kule nje, asubuhi, wakingoja geti lifunguliwe, akikohoa ndani ya shela kama mtu asiyetaka kusikika. Mchana wake Feruzi alipokuja kuposa, badala ya yai au ndizi alizozoea kuleta, zawadi yake ilikuwa fungu la majani ya mchaichai. "Fundi," akasema, "nimesikia mtu wa nyumba hii ana kikohozi." Mzee Issa akakataa kama kawaida, wageni wakacheka kama kawaida. Zamda nyuma ya pazia akajishika kifua. Tatu hakuwa na kikohozi. Aliyekohoa ni yeye.

Tangu hapo akawa kama mtu aliyeona kitu kinachong'aa ndani ya karai, na hajui kama ni dhahabu au ni jiwe tu.

Na mambo yangeendelea hivyo, kama si habari aliyoileta Mzee Issa siku ya Ijumaa jioni wakitoka msikitini. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Bujumbura, Mwislamu safi, mgane asiye na mtoto, mwenye adabu. Watu wake wangekuja Jumapili kuposa.

"Mimi sikulazimishe," alisema Mzee nyumbani, akivua viatu. "Lakini unipe sababu. Nikikataa muntu muzuri, niwaambie batu nini?"

Zamda alipanga viatu vya baba yake mlangoni. Mama yake alikuwa amefariki, na mambo mengine ni magumu kumwambia baba. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Na yule wa kule kambini, Papa?"

"Nani? Feruzi?" Mzee akacheka, kisha akaona uso wa bintiye akaacha kucheka. "Zamda. Yule ni Mukristo wa ng'ambo. Tena ni muchezo ule. Unajua namna gani ninajua ni muchezo? Anasema yeye mwenyewe. Uliona wapi mwanaume mwenye kutaka bibi anakuja kusema na kinywa chake? Muntu wa kweli anatuma batu. Anakaa kwao, anatetemeka, batu bake banamusemea. Huyu kila siku anasimama mbele yangu, anasema, anacheka. Angekuwa na nia, asingethubutu."

Baba yake alisema kweli. Katika milima ile, kwa Waislamu wa mjini na kwa Wakristo wa vijijini vilevile, na hata ng'ambo ya mto, kijana hajiposei. Anayejiposea anatania. Mwaka mzima Mzee alikuwa akilala usingizi mzuri kwa sababu hiyo hiyo.

"Basi nitakujibu kesho jioni," alisema Zamda. Moyoni alikuwa amekata shauri: kesho atamtazama Ntabaza usoni, hata ikibidi kuinua macho ya Tatu, na akiona mzaha atawakubali wa Bujumbura.

Jumamosi kambi ilijaa. Asubuhi, wakivaa, Madame Odette alipita kwenye mtaa wa Waswahili akipiga makofi. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyeipenda kambi ile kuliko nyumba yake.

"Mzee wangu, leo umupe," alimwambia Mzee Issa.

"Nimupe nini?"

"Binti! Wageni banalalamika. Banasema Fundi Songoro ana roho mbaya. Leo Feruzi akikuja, umukubalie, tupige ngoma, tumalize. Wiki ijayo tutatafuta hadithi ingine."

Mzee Issa akacheka, akarekebisha tarabushi. "Leo nitaozesha, inshallah. Acha nimufurahishe huyu kijana mara moja."

Zamda alisikia, akaacha kujifunga shuka. Siku aliyotaka kujua ukweli ndiyo siku ambayo mchezo unakwisha. Na ukikwisha, hata lile la kuja na shati kila mchana halitakuwepo tena.

Saa ya posa ikafika. Wageni wakajaa nyuma ya kamba, wengine wamebeba watoto mabegani. Mzee akazungusha cherehani yake. Zamda ndani akatayarisha sinia, akasogea kwenye pazia, akangoja ile sauti ya kutoka njia ya kijitoni.

Haikuja.

Mzee akashona pindo lote, akalifumua, akalishona tena. Akawatania wageni. "Leo mwosha dhahabu amepata dhahabu, amenisahau!" Wakacheka kidogo. Zamda alichungulia njia: tupu. Mwaka mzima hakukosa hata siku ya mvua, akakosa leo. Basi nimepata jibu langu, alisema moyoni, na machozi yakamjia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alijionea haya. Alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya fungu la mchaichai.

"Hodi!"

Haikuwa sauti ya Ntabaza. Ilikuwa sauti nzito ya mtu mzima. Zamda akasogeza pazia. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti na kofia alikuwa ameruka kamba, na nyuma yake mwanamke wa makamo aliyejifunga vitenge vipya, kilemba kimesimama sawasawa, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Si ajabu; wageni wenye kupenda mzaha waliruka kamba mara kwa mara kujiunga na mchezo, na Mzee Issa aliwapenda sana wageni wa namna hiyo.

"Karibuni, karibuni!" akasema, akainuka. "Karibuni kwa Fundi Songoro. Mna nguo ya kushona au mna maneno?"

"Tuko na maneno, Mzee," alijibu yule mwanaume. "Mimi naitwa Balagizi. Huyu ni dada yangu, Maman Nabintu. Tunatoka Bukavu, ku Kadutu. Tumekuya juu ya mutoto yetu, yule mwenye kuoshaka zahabu."

"Aha! Mmetoka kwa Feruzi!" Mzee aligeukia wageni, akapanua mikono. "Mnaona? Ameshindwa mwenyewe, ameleta jeshi!"

Wageni wakacheka. Balagizi hakucheka. Yule mwanamke naye hakucheka. Alikuwa akitazama ndani, kwenye pazia, akimtafuta mtu.

Ilimbidi Tatu atoke na chai. Zamda akatoka, akapiga magoti, akamimina. Alipompa Maman Nabintu kikombe, mwanamke yule hakukipokea upesi. Alimwangalia msichana usoni, mashavuni, mikononi, kama mtu anayechagua kitambaa na anaogopa kudanganywa. Alikuwa akiuma pembe ya mdomo wa chini. Zamda alimjua mtu mwingine mwenye kuuma mdomo hivyo, akiinamia karai.

"Ile kikohozi yako," aliuliza Maman Nabintu polepole, kwa sauti ya wawili tu, "ilipona?"

Chai ikamwagika kwenye sinia.

Hakuna mgeni aliyejua kikohozi kile. Hata baba yake alikuwa amekisahau. Zamda aliinua macho, na Tatu haruhusiwi kuinua macho, akamtazama mwanamke yule, na kila kitu kikafunguka kwa mara moja. Ntabaza hakukosa kuja. Ntabaza alikuwa amekaa kule chini kijitoni, anatetemeka, na watu wake wanamsemea.

Furaha iliyompiga ilikuwa kubwa hata akataka kucheka. Kisha akageuka akamwona baba yake.

Mzee Issa alikuwa katikati ya kilele chake. Mkono mmoja kiunoni, tarabushi imeinamia sikio, alikuwa akiwaambia wageni: "Mwaka mzima nimemkataa kijana huyu! Nimekataa miguu yake, nimekataa kicheko chake! Leo nimechoka kukataa. Wazee wamekuja kwa heshima. Basi nasema mbele yenu nyote, nimekubali!"

Vigelegele vikapanda. Mtu akapiga ngoma. Balagizi alifumba macho kidogo kama anayeshukuru, akampa ishara dada yake, na Maman Nabintu akafungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na jembe jipya, halina mpini, limepakwa mafuta likang'aa.

Msomaji wa mbali huenda akaona ni chuma tu. Watu wa pande zile wanajua. Jembe la posa likishapokelewa na baba kwa mikono miwili, msichana huyo amefungwa, na mwingine akija na gari zima la zawadi ataambiwa arudi kwao. Baba anayepokea jembe kisha akamtoa binti kwa mtu mwingine hana uso tena wa kuwatazama watu.

Balagizi akapiga goti, akalinyanyua kwa mikono miwili. Mzee Issa, akicheka, akaweka cherehani pembeni na kunyoosha mikono yake.

Zamda alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Angekaa kimya tu. Asingesema uongo wowote, asingefanya lolote, angeinamisha macho kama Tatu, na kila alichokitaka mwaka mzima kingeanguka mapajani mwake. Baba yake, ambaye hajawahi kuvunja neno, angekuja kugundua jioni kwamba neno lake limeibwa akiwa anachekesha watu.

Akaweka sinia chini.

"Papa," alisema. "Usishike."

Kambini alimwita Baba. Papa lilikuwa neno la nyumbani. Mwuza duka wa kambi, aliyesimama mlangoni mwake ng'ambo ya njia, alisikia, akageuza kichwa. Madame Odette nyuma ya wageni akafungua mdomo. Mikono ya Mzee Issa ikasimama hewani.

"Papa, hawa si wageni. Ni batu ba Ntabaza. Hiyo jembe ni ya kweli."

Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo, wakatulia kusikiliza zaidi, wamefurahi kabisa. Mzee Issa alimtazama binti, akamtazama Balagizi aliyepiga goti, akalitazama jembe. Damu ikamhama usoni. Akavuta mikono yake taratibu, akaificha ndani ya kanzu kama mtu aliyeungua.

Madame Odette hakuwa mjinga. Akapiga makofi akasema kwa sauti yake ya kuwakaribishia wageni getini, "Mabibi na mabwana, ofisini sasa hivi banapima dhahabu ya leo! Twende, twende!" Alipompita Zamda akanong'ona, "Weye tutaongea." Watu wakaondoka wakigeuka nyuma, ngoma ikanyamaza, na barazani wakabaki wanne.

"Inuka, Papa Balagizi," alisema Mzee Issa. Sauti ya Fundi Songoro ilikuwa imekwisha. "Inuka, unanitia haya. Mimi nilifikiri munacheza."

"Sisi hatuchezi, Mzee." Balagizi aliinuka akijifuta goti. "Papa ya huyu kijana alikufaka zamani. Mimi njo noko yake, kaka ya Maman yake, mimi njo mwenye kumusemea. Alituambia kama weye mwenyewe ulisema, mbele ya batu, siku moja: 'Feruzi, kama uko mwanaume, lete watu wako.' Basi tukakuya."

Mzee Issa alijishika kichwa. Alikuwa amesema. Ilikuwa moja ya zile sababu mia za kukataa, baada ya ile ya miguu na kabla ya ile ya kicheko. Aliwachekesha watu, akaisahau. Kijana akaibeba mpaka kwao.

"Binti yangu ni Muislamu," alisema, akikaa. "Kijana yenu ni Mukristo. Hiyo Madame Odette hawezi kuitungia mwisho."

"Na mimi nilisema vile vile!" Maman Nabintu alipasuka, kana kwamba alikuwa akingoja mtu amfungulie mlango. "Mzee, mi sikukuya hapa na roho muzuri. Niko na mutoto mumoja tu. Nilimubatiza mimi mwenyewe, nilimubeba ku mugongo mpaka kanisani na mvua ikinyesha. Sasa ninaona kila asubuhi anapiga pasi shati, shati ya kwenda kuoshea matope! Ninamuuliza, matope inataka pasi? Ananyamaza. Siku ingine ananyang'anya mchaichai yote mu kashamba yangu. Nikasema, acha niende nione huyu muntu. Nilikuya kuona, Mzee, si kuomba. Kuomba ni kwa kaka yangu."

Zamda, aliyepiga magoti bado, alijikuta anatabasamu akitazama sakafu. Shati la pasi. Alikuwa ameliona mwaka mzima na hakujua maana yake.

"Yeye mwenyewe anasema nini juu ya dini?" aliuliza Mzee Issa.

Balagizi akakuna kidevu. "Kila Ijumaa anatoka kazini anapitia kwa shehe Kamembe. Hatukumutuma. Anakaa anauliza maulizo. Shehe alimuambia asikimbie, mambo ya Mungu haifanywe juu ya bibi. Bado anauliza."

"Anauliza nini?"

"Hiyo ni yeye mwenyewe anajua."

Zamda alimjua baba yake. Ugonjwa ule wa kutaka kujua aliurithi kwake, na sasa aliuona ukimwingia mzee, taratibu, kwa njia ya macho.

Lakini aliyesema ni Maman Nabintu, na alisema na msichana. "Weye. Njoo hapa." Zamda akasogea. "Ungenyamaza tu, Papa yako angeshika jembe, maneno imekwisha. Juu ya nini ulisema? Haumutaki mutoto yangu?"

Zamda alihisi uso ukimwaka. Kulikuwa na njia ya adabu ya kujibu, ya kuzunguka zunguka, na alikuwa ameizoea mwaka mzima. Akaiacha.

"Ninamutaka, Maman. Ninamutaka mpaka ninaona haya." Akamtazama baba yake. "Lakini mikono ya Papa ilikuwa ya Fundi Songoro. Nilitaka akishika jembe, ashike yeye."

Mama yake Ntabaza alishusha pumzi ndefu, akajirekebisha kilemba, akatazama pembeni kuelekea migomba. Aliposema tena sauti yake ilikuwa na machozi. "Kaka, tumekwisha. Huyu hataniacha nimuchukie."

Mzee Issa akavua tarabushi. Geti lilikuwa wazi bado, mwaka ulikuwa bado ule wa kale, na hajawahi kuivua mchana tangu aanze kazi. Akaiweka juu ya cherehani. Kichwa chake kikawa cha mzee wa Kamembe tu, mwenye mvi, aliyelea binti peke yake.

"Zamda, ningeshika," alisema. "Unajua? Mikono ilikuwa imekwisha kufika."

"Ninajua, Papa."

"Na nisingeweza kurudisha."

"Ninajua."

Akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamemlowa na hakujificha. "Wewe umelinda neno langu mbele ya batu bote bale. Sasa mimi nikisema neno lako si kitu, nitakuwa baba gani?" Akawageukia wageni wake. "Papa Balagizi, jembe hiyo rudini nayo. Usikasirike, ngoja nimalize. Leo nikiipokea batu batasema ni ya muchezo. Mulete kesho, Jumapili, nyumbani kwangu, nyuma ya soko. Mukuje na kijana. Najua hakai mbele ya wazee siku ya posa, lakini huyu amekwisha kuniposea mwaka muzima, atakaa. Niko na maulizo naye, na hayo anayomuuliza shehe, nataka kuyasikia. Sijasema ndiyo. Nimesema mukuje."

"Na bale ba Bujumbura?" Zamda alinong'ona.

"Nitabapigia simu." Akapapasa kanzu, akakumbuka kwamba simu ziko kwa Madame Odette, akaguna. "Nitabaambia kesho niko na wageni."

Balagizi aliinamisha kichwa, akalifunga jembe tena kwa uangalifu. Maman Nabintu ndiye aliyemshika Zamda begani, akamsukuma kidogo kuelekea njia ya kijitoni. "Nenda umuambie. Tangu asubuhi hajakula."

Zamda alishuka akikimbia, shuka la Tatu amelikunja mkononi, watu wakimpisha. Kijitoni kulikuwa na kundi la wanafunzi wanachota mchanga, na katikati yao Ntabaza, maji mpaka magotini, anawafundisha kuzungusha karai. Alikuwa akiwafundisha vibaya. Mchanga wote ulikuwa unamwagika. Alipomwona Zamda akasimama wima, karai likamponyoka likaelea.

"Banasema nini?" aliuliza. Hakikuwa Kiswahili cha Feruzi. Kilikuwa cha Kadutu, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya barazani, kavu kwa woga.

"Papa anasema mukuje kesho. Na weye ukuje. Hajakubali, lakini mukuje."

Akaziba uso kwa mikono yake yenye mchanga, akabaki hivyo. Wanafunzi wakaanza kusukumana na kucheka. Alipoondoa mikono, tope lilikuwa limemkaa shavuni, na alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kuthubutu barazani.

"Na weye?" alisema. "Batu bote banaulizana, noko, Maman, Papa yako. Mimi sijue kitu moja tu. Weye Zamda, unanitaka?"

Ndipo Zamda alipotambua kwamba katika posa zote zile, mwaka mzima, mbele ya mamia ya watu, hakuna aliyewahi kumuuliza msichana mwenye sinia. Aliingia kijitoni na viatu vyake vya ngozi vya makumbusho, akasimama mbele yake, maji yakimpanda magotini, wanafunzi wote wamenyamaza kusikiliza.

"Ninakutaka, Ntabaza," alisema, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Niulize tena."